Pilipili hoho zinadondosha maua, na chache zinazofunga zinaoza kitako

Mama_Bustani_Kigamboni aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu wa kulima pilipili hoho katika bustani ya nyumbani, hasa kwa sisi tunaoishi ukanda wa pwani.

Nyuma ya jiko nina tuta moja na ndoo kadhaa za lita 20 zilizotobolewa chini, na kote humo nimepanda hoho aina ya California Wonder, mbegu za pakiti kutoka duka la pembejeo. Nilisia mbegu kitaluni mwanzoni mwa vuli, na miche ilipohamishwa ilishika vizuri; sasa imefika magotini, ina majani mapana ya kijani kilichokolea, na kila anayepita huisifia. Shida ni matunda. Tangu Januari mimea inatoa maua mengi meupe, lakini kikonyo cha ua hugeuka njano na ukiligusa tu linadondoka, hata asubuhi nikifagia nayakuta yametapakaa chini ya mashina. Machache yanayofanikiwa kufunga hufikia ukubwa wa yai la kuku, kisha kwenye kitako cha tunda hutokea baka la kahawia lililolowa, ambalo baadaye hukauka, likadidimia na kuwa jeusi.

Wakati wa kuandaa udongo nilichanganya samadi ya kuku, na baada ya hapo nimekuwa nikiweka Urea kila baada ya majuma mawili. Maji ni ya kisima, na humwagilia jioni nikirudi kazini, ingawa zipo siku nachelewa na mimea inalala bila maji. Jirani ananishauri niongeze Urea ili maua yapate nguvu, na muuza pembejeo anataka ninunue dawa ya ukungu kwa ajili ya huo uozo. Kabla sijatoa fedha ningependa kujua chanzo hasa ni nini. Vilevile, matunda yakipatikana, niyachume yakiwa mabichi au nisubiri yawe mekundu? Na la mwisho: kando ya tuta hilo upo mche wa pilipili mbuzi, je, ni kweli kwamba utazifanya hoho ziwe kali?


BwanaShamba_Mstaafu alijibu:

Mama Bustani, salaam. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha mambo matatu yanayokutana kwenye tuta moja, nayo ni joto, Urea na maji yasiyo na mpangilio. Fedha ya dawa ya ukungu iweke kibindoni.

Nianze na maua. Hoho hupenda joto, lakini joto la kiasi, na watu wengi huangalia jua la mchana peke yake wakasahau usiku. Usiku usipopoa chini ya nyuzijoto 24 hivi, au mchana ukipita 32 na kuendelea, chavua, yaani ule unga wa ndani ya ua, hupoteza uwezo wake, ua halichavushwi ipasavyo, na mmea huliachia lidondoke. Sasa fikiria Dar es Salaam ya Januari na Februari, kaskazi inavuma na watu wanalala madirisha wazi: usiku huohuo ndio maua yako yanatakiwa yafunge matunda. Hakuna mbolea inayoweza kuuondoa usiku wa namna hiyo. Ndiyo maana kwa mkulima wa pwani swali la kwanza la hoho ni tarehe ya kusia mbegu, na maswali ya mbolea na dawa huja nyuma yake.

Urea nayo imeongeza tatizo. Naitrojeni ikizidi, mmea hujenga majani na matawi na kuchelewa kuzaa, na huo uzuri wa majani unaosifiwa na wapita njia ni ushahidi tosha, hasa ukizingatia kwamba samadi ya kuku peke yake ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe. Acha Urea kabisa kwa sasa. Mimea itakapoanza kufunga matunda, weka mbolea ya NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kiasi kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa shina, mbali kidogo na shina lenyewe, kisha umwagilie.

Kuhusu kitako kuoza, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda linakosa kalsiamu wakati linapojijenga, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni ila haijafika. Madini haya husafiri pamoja na maji kutoka kwenye mizizi, na maji huenda zaidi kule yanakopotea kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda, ambalo halipotezi maji mengi, hupata mabaki. Siku mmea unapolala na kiu, mabaki hayo huwa hayatoshi, na kitako, ambacho ndicho sehemu ya mbali kabisa na kikonyo, huanza kufa. Urea ikizidi hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu majani huwa mengi na aina ya naitrojeni inayotokana nayo hushindana na kalsiamu kuingia mizizini. Matunda yenye baka yang'oe, maana hayatapona na yanamaliza nguvu za mmea. Maganda ya mayai ambayo watu huyapenda sana huchukua muda mrefu kuoza, kwa hiyo yasagwe na kuchanganywa udongoni kwa ajili ya msimu ujao. Kwa tatizo la wiki hii hayasaidii.

Umwagiliaji uhamishie asubuhi. Chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili: ukikuta unyevu, acha, ukikuta pakavu, mwagilia taratibu hadi maji yatoke kwenye matundu ya ndoo. Katika joto la sasa ndoo huweza kuhitaji maji asubuhi na jioni, ilhali tuta likatosheka na mara moja. Halafu weka matandazo, yaani majani makavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Na ukiweza, kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana ziwekee ndoo kivuli chepesi, kwa neti au kwa kuzisogeza chini ya mti wenye majani machache. Ndoo za plastiki huchemka juani, na mizizi huungua kabla ya majani kuonyesha dalili.

Mimea usiing'oe. Hoho ikitunzwa huishi zaidi ya mwaka mmoja katika nchi zetu, na hiyo uliyonayo inaweza kuvuka masika ikazaa vizuri kipupwe, usiku utakapopoa.


Fundi_Kitalu alijibu:

Namheshimu mzee wangu BwanaShamba, na kuhusu joto na Urea sina ubishi. Hata hivyo, kabla dada hajalitupia joto lawama zote, ningemwomba afanye jambo moja la dakika mbili. Achukue karatasi nyeupe, alishike ua lililofunguka juu yake na kuligonga kwa kidole. Kama patadondoka vijidudu vyembamba vya njano au kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele na vinavyotembea, hao ni vithiripi, nao hujificha ndani ya ua na kulifanya linyauke na kuanguka vilevile kama linavyoanguka kwa joto. Kisha ageuze majani machanga aangalie upande wa chini: wadudu mafuta hukaa hapo kwa makundi na kuacha utelezi unaonata, na inzi weupe huruka ukitikisa tawi.

Kwa bustani ya nyumbani wadudu hawa hudhibitiwa kwa maji yenye sabuni ya mche kidogo, au kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku mzima na kuchujwa. Pulizia jioni jua likishapungua, na hakikisha dawa inafika chini ya majani. Ukipulizia saa sita mchana utaunguza mmea mwenyewe.

Ninapotofautiana na mzee ni hapo pa kuacha mimea ya zamani. Vithiripi, wadudu mafuta na inzi weupe hueneza virusi, na mmea uliopata virusi hauna tiba. Ukiutunza hadi kipupwe utakuwa chanzo cha kuambukiza miche mipya. Mimi ningeng'oa yote nikaanza upya.


Kibarazani_Unguja alijibu:

Asalaam aleikum. Mimi limenigusa neno moja ambalo wenzangu wamelipita, nalo ni kisima. Kwa sisi tulio karibu na bahari, maji ya visima vingi yana chumvi, na pilipili boga, ndiyo hiyo hoho yenu, haivumilii chumvi kama inavyovumilia mchicha. Mama, tazama juu ya udongo wa zile ndoo na kwenye ukingo wake kwa ndani: kama kuna utando mweupe, na kama ncha na kingo za majani ya chini zimekauka zikawa kahawia, basi chumvi imo. Chumvi huufanya mzizi ushindwe kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, na hilo huleta uozo uleule wa kitako alioueleza Bwana Shamba, ukajikuta unamwagilia vizuri na tunda bado linaoza.

Dawa yake ni kuusafisha udongo. Mara moja moja mwagia ndoo maji mengi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, mara mbili tatu mfululizo, hadi yatiririke chini kwa wingi yakaondoka na chumvi; usiiache ndoo ikakalia sahani iliyojaa maji hayo. Masika yanakuja, kwa hiyo kinga maji ya paa kwenye pipa lenye kifuniko, ili mbu wasipate makazi, na uyatumie kwa pilipili boga tu. Maji ya kisima yabakie kwa mchicha na minazi. Na usimwagie maji ya chumvi juu ya majani.


Shamba_la_Usambara alijibu:

Nitajibu swali la kuchuma, kwa kuwa wengine wamemaliza la maua. Mimi nipo Lushoto, ambako hali ni kinyume cha kwenu: shida yetu ni baridi ya Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzijoto 15 na matunda yakafunga vibaya, yakawa madogo, yamepinda na hayana mbegu. Nalisema hili ili ujue kwamba mwezi ambao hoho za milimani zinasinyaa ndio mwezi ambao za pwani zinapaswa kuzaa.

Hoho ya kijani na hoho nyekundu katika aina yako ni tunda lilelile katika umri tofauti. Kwa kawaida tunda la California Wonder huwa tayari kuchumwa likiwa la kijani kati ya siku 70 na 80 baada ya kuhamisha miche, na kugeuka jekundu huhitaji majuma mengine mawili hadi manne. Usihesabu siku peke yake, lishike. Hoho iliyokomaa ina ngozi inayong'aa na nyama ngumu, na ukiiminya kidogo kwa kidole gumba haibonyei. Iliyo changa hubonyea, ngozi yake haijakaza, na ukiichuma husinyaa mezani kesho yake.

Kama uchume mapema au usubiri, inategemea unataka nini jikoni. Nyekundu ni tamu zaidi na ina vitamini C nyingi zaidi kuliko ya kijani, lakini kila tunda unaloliacha liive linaufanya mmea upunguze kutoa maua mapya, na linakaa muda mrefu zaidi mbele ya ndege, wadudu na jua kali linaloweza kuliunguza ubavuni. Ushauri wangu kwa familia ni kuchuma mabichi yale ya mwanzo yote, ili mmea uendelee kuzaa, kisha matunda yakishakuwa mengi uache mawili au matatu kwa kila mmea yawe mekundu kwa ajili ya pilau na kachumbari ya wageni. Usichume ya kijani kabisa ukitegemea itaivia kabatini, kwa maana hoho haina tabia ya nyanya. Ile iliyokwisha kuanza kubadilika rangi inaweza kuendelea kidogo, lakini ya kijani itasinyaa ikiwa ya kijani.

Tumia mkasi au kisu chenye makali na uache kikonyo kwenye tunda, cha urefu wa sentimita moja au mbili. Matawi ya hoho ni mepesi kuvunjika, na ukivuta kwa mkono mara nyingi utaondoka na tawi zima likiwa na maua yake. Chuma asubuhi umande ukishakauka, usizioshe hadi siku ya kupika, na kama una friji ziweke kwenye droo ya mboga, chini kabisa, sehemu ambayo haipoi sana. Baridi ya chini ya nyuzijoto 7 huzitoboa vishimo na kuzifanya zilainike.


Mama_Bustani_Kigamboni aliandika tena:

Nawashukuru sana, kaka zangu na mzee wetu. Nimekwenda bustanini na karatasi nyeupe. Katika maua niliyoyagonga, machache tu yalidondosha vijidudu, na chini ya majani sikuona makundi ya wadudu mafuta. Utando mweupe, hata hivyo, upo kwenye kila ndoo, na umekuwa mzito zaidi kuzunguka matundu ya chini; kwenye tuta sijauona. Na kweli, sasa nikichunguza, matunda yanayooza ni ya ndoo zaidi kuliko ya tuta, ingawa maua yanadondoka kotekote. Majani hayajajikunja wala kuwa na mabaka, isipokuwa kwenye mimea miwili iliyo karibu na uzio, ambayo majani yake ya juu yamekuwa madogo, yamekunjamana na yana mchanganyiko wa njano na kijani.

Naomba basi kuuliza kuhusu kuanza upya: nisie lini, na je, naweza kutumia mbegu za hoho ninazonunua sokoni? Na lile la pilipili mbuzi bado sijajibiwa.


BwanaShamba_Mstaafu alijibu:

Sasa picha imekamilika, na Fundi Kitalu alikuwa na haki kwa sehemu. Mimea miwili ya uzioni ina dalili za virusi: ing'oe leo, itie kwenye mfuko na kuitupa mbali, usiiweke kwenye mboji, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujaigusa mingine. Mingineyo yenye majani safi iache. Punguza matawi marefu na yaliyosongamana, ifanyie usafi wa chumvi kama alivyoeleza ndugu yetu wa Unguja, na uikague chini ya majani kila wiki.

Kwa miche mipya, sia mbegu mwishoni mwa Machi, kwenye trei au kitalu kilichoezekwa ili mvua ya masika isiipige miche na kuiozesha mashina. Mbegu huota baada ya wiki moja hadi mbili, na miche huwa tayari ikiwa na majani ya kweli manne hadi sita, kwa kawaida baada ya majuma sita hadi manane. Hapo utakuwa mwishoni mwa Mei, mvua kubwa zimepungua. Panda kwa nafasi ya sentimita 45 kutoka shina hadi shina na 60 kati ya mistari, au shina moja kwa ndoo. Maua yatakuja kati ya mwisho wa Juni na Julai, ndani ya kipupwe chenyewe, na uchumaji utaanza Agosti. Usipande mahali palipotoka nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo, kwa kuwa hao wote ni ukoo mmoja na huachiana udongoni ugonjwa wa mnyauko na minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi.

Mbegu za sokoni sikushauri. Hoho ya kijani imechumwa kabla mbegu zake hazijakomaa, hivyo nyingi hazitaota, na ile nyekundu kubwa na nzuri mara nyingi ni chotara, ambayo watoto wake hawafanani na mama yao. California Wonder yako si chotara, na kwa hiyo ukipata tunda jekundu kabisa kwenye mmea wenye afya unaweza kuhifadhi mbegu zake mwenyewe: zianike kivulini hadi zikauke, zifunge kwenye karatasi na kuziweka pakavu.

Hapo ndipo pilipili mbuzi inapoingia. Tunda unalochuma mwaka huu nyama yake ni ya mmea mama, na chavua iliyotoka nje haiwezi kulibadilisha likawa kali. Chavua huathiri mbegu zilizomo ndani tu, na athari hiyo ingeonekana kwa mmea utakaoota kutokana nazo. Tena pilipili mbuzi na hoho ni spishi mbili tofauti, ambazo hazichanganyikani kwa urahisi. Anayekuambia alikula hoho kali, ama alipanda mbegu zilizochanganyika na pilipili ndefu, ambayo ni ndugu wa karibu wa hoho, au alitumia kisu kilichotoka kukata pilipili. Kama unakusudia kuhifadhi mbegu, iogope hiyo pilipili ndefu. Mbuzi iache ilipo.


Fundi_Kitalu alijibu:

Nimekubali, mzee, kwa mimea yenye majani safi. Naongeza moja kwa dada. Mche mpya ukifika mahali shina linapogawanyika matawi mawili au matatu, utaona ua la kwanza limekaa kwenye ile panda. Liondoe kwa ukucha likiwa bado changa, hasa kama mche ni mfupi, kwa kuwa tunda la hapo hukua limebanwa na matawi na kuuchelewesha mmea kujenga mwili. Na chomeka mti wa kuegemea siku ileile unayopanda, urefu wa mita moja, ufunge kwa kitambaa laini bila kukaza. Ukisubiri hadi mmea ubebe matunda utaikata mizizi wakati wa kuchomeka.